Vidole Shingoni

Maumivu yalianza saa tisa usiku, bila taarifa. Sikuwa nimeanguka, sikuwa nimebeba ndoo, wala sikuwa nimegombana na mtu. Nililala mzima, nikaamka na kitu kama pasi ya moto nyuma ya bega la kushoto. Kinashuka hadi kwenye kiwiko, kinatulia sekunde mbili, kinarudi. Nilikaa kitandani nimejikunja, mkono nimeubana kifuani kama mtu aliyebeba kuku wa kuuza, hadi adhana ya alfajiri. Nimewahi kuumwa jino, nimewahi kuzaa. Haya yalikuwa mengine.

Siku kumi baadaye yakaanza kupungua, nami nikamshukuru Mungu mapema mno. Mdogo wangu alikuja kunifunga zipu ya gauni, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Dada, mfupa wako wa mgongoni umetoka nje." Nilipoweka viganja ukutani na kusukuma, kombe la bega la kushoto lilichomoza kama bawa la kifaranga. Mkono haukupanda juu ya sikio. Kusuka nywele, kuanika nguo, kushika bomba la daladala, vyote vikawa kazi ya mkono wa kulia. Na wiki hiyohiyo, nikiwa bafuni, vidole vyangu vikakuta punje kwapani, kama harage lililolowekwa. Nikapanda juu zaidi. Nyuma ya mtulinga, palepale kwenye kibonde, kulikuwa na nyingine.

Kazi yangu ni kuuliza maswali, basi nikafanya kosa la kuiuliza simu. Usiulize simu. Ukiandika "uvimbe kwapani" na wewe ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, simu inakuzika kabla ya saa nne asubuhi.

Daktari wa kwanza hakunigusa. Alitazama kompyuta, akaniuliza umri, akaandika dawa za kutuliza maumivu. "Misuli hiyo, dada." Wa pili hakunigusa pia, ila aliandika vipimo vingi: damu, VVU, kifua kikuu, picha ya kifua, picha ya titi. Majibu yote yalirudi safi. Nilipaswa kufurahi, lakini mtu mwenye harage kwapani hawezi kufurahia karatasi inayosema hana kitu. Wa tatu alikuwa tabibu mzee wa zahanati ya mtaani, ambaye nilikwenda kwake kwa sababu tu foleni yake ilikuwa fupi. Huyu hakuandika chochote kwanza. Alinawa mikono, akaikausha, akasimama nyuma ya kiti changu.

"Binti, nipe shingo."

Akaanza chini ya taya, akaja nyuma ya masikio, akashuka kisogoni, akafuata ukingo wa msuli hadi chini. Alipofika kwenye mtulinga aliniambia nivute pumzi ndani, akazamisha ncha za vidole kwenye kibonde na kusubiri, kama mtu anayesikiliza mlangoni. Kisha kwapa. Dakika tano hivi. Akasema tezi zinacheza chini ya kidole, hazijaganda, na kama zingeganda angeogopa zaidi. Hata hivyo akaandika barua niende nikatolewe majimaji kwa sindano, kwa sababu tezi ya juu ya mtulinga wa kushoto madaktari hawaiachi hivihivi. Tangu Mjerumani Rudolf Virchow alipoiandika mwaka 1848, inajulikana kwamba saratani ya tumbo huweza kujitangaza hapo kabla mgonjwa hajahisi chochote tumboni. Hilo mzee hakuniambia. Nililisoma baadaye, usiku, kwenye simu ileile.

Alichoniambia ni kingine. Aliniuliza kwetu wapi. Nikamwambia Bukoba. Bukoba ipi? Kiziba. Akacheka kidogo, kwa upole. "Basi shingo za kwenu zimeshapapaswa sana. Kasome habari za malale na Wajerumani."

Majibu ya sindano yalichukua wiki tatu. Nilikuwa nimeahidiwa siku saba. Katika wiki hizo tatu nilifanya alichoniagiza, maana kusoma kulikuwa bora kuliko kujibonyeza.

Kiswahili kina neno moja zuri kwa jambo hili: mtoki. Ni ule uvimbe wa kinena unaotokea ukiwa na kidonda mguuni, na wengi wetu tumekua nao. Unajikwaa, kidole kinaoza kidogo, keshokutwa unachechemea kwa sababu ya kinena, si kidole. Bibi yangu alikuwa hahangaiki na mtoki wa kinena. Alitafuta kidonda, akakiosha kwa maji ya chumvi, basi. Lakini shingo ilikuwa habari nyingine. Mtoto akipata homa, au akisinzia mchana, bibi alimvuta katikati ya magoti yake, akampitishia vidole nyuma ya shingo, pole pole, pande zote mbili. Hakusema anatafuta nini. Nilidhani ni namna yake ya kubembeleza.

Sayansi inakubaliana na bibi kuhusu kidonda. Tezi hizi ni kama vituo vya ukaguzi barabarani: kila kinachopita kwenye majimaji ya mwili kinasimamishwa hapo, na kukiwa na mhalifu, kituo kinajaa askari na kuvimba. Ndiyo maana mtoki unaeleza mahali pa kutafuta lakini hautaji jina la mhalifu. Jino bovu huvimbisha tezi, na chawa wa kichwani huvimbisha, na kifua kikuu, na VVU, na saratani. Na malale.

Wa kwanza kuandika wazi kuhusu malale na shingo ni daktari Mwingereza, Thomas Winterbottom, aliyefanya kazi Sierra Leone miaka ya 1790 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1803. Katika vitabu vya udaktari, tezi zilizovimba nyuma ya shingo ya mgonjwa wa malale zinaitwa hadi leo alama ya Winterbottom. Ukisoma alichoandika unagundua kwamba hakuigundua yeye. Anasema wafanyabiashara wa watumwa walikuwa wakiijua. Walijua kwamba mtu mwenye vijivimbe shingoni atakuja kusinzia na kufa, kwa hiyo ama hawakumnunua, ama walifanya haraka kumuuza kwa mwingine.

Nilisimama hapo muda mrefu. Elimu hii, ambayo inafundishwa kwenye vyuo vya udaktari kwa jina la muungwana mmoja wa Kiingereza, ilianza kama ukaguzi wa bidhaa. Mkono wa kwanza tunaousikia ukipita nyuma ya shingo ya Mwafrika kutafuta tezi haukuwa unatafuta kumponya. Ulikuwa unatafuta bei.

Kuna mkono mwingine katika historia hii, na ninautaja kwa sababu unachekesha na kusikitisha kwa pamoja. Huko Uingereza kwa karne kadhaa kifua kikuu cha tezi za shingo kiliitwa uovu wa mfalme, na tiba yake ilikuwa kuguswa na mfalme mwenyewe. Charles wa Pili, aliyetawala hadi 1685, inakadiriwa aligusa watu wapatao 90,000. Mwaka 1712 mama mmoja wa mji wa Lichfield alimsafirisha mwanawe wa miaka miwili na nusu hadi London akaguswe na Malkia Anne. Mtoto alikuwa Samuel Johnson, ambaye baadaye alitunga kamusi maarufu ya Kiingereza. Hakupona, na makovu ya shingo alikaa nayo maisha yote. Lakini kisarafu cha dhahabu alichovishwa siku ile hakukivua. Namwelewa kabisa. Yule mzee wa zahanati hakunipa dawa hata moja, na nilitoka kwake nikipumua vizuri kuliko nilivyoingia.

Sasa turudi ziwani. Mwanzoni mwa 1901, katika hospitali ya Mengo, Kampala, daktari mmisionari Albert Cook na ndugu yake Jack walianza kupokea wagonjwa waliosinzia katikati ya maneno. Waganda waliuita ugonjwa huo mongota. Ukasambaa kwenye pwani na visiwa vya Ziwa Viktoria kwa kasi ya kutisha, na inakadiriwa kwamba kufikia 1920 ulikuwa umeua watu kama 250,000 upande wa Uganda. Mwaka 1903 tume ya Waingereza, ikiwa na David Bruce na Aldo Castellani, ilithibitisha kwamba mhalifu ni kidudu cha kwenye damu kinachosambazwa na mbung'o. Kuanzia mwishoni mwa 1906 serikali ya Hesketh Bell ikaanza kuwahamisha watu kutoka pwani ya ziwa. Vijiji vizima vikaachwa vigeuke msitu.

Tatizo la madaktari lilikuwa kwamba kidudu hiki ni kigumu kukiona kwenye damu. Mwaka 1904, Waingereza wawili waliokuwa Uganda, Greig na Gray, walichoma sindano kwenye tezi ya shingo, wakavuta tone la majimaji na kuliweka chini ya hadubini. Vidudu vilikuwemo, vikichezacheza. Kipindi hichohicho Joseph Dutton na John Todd, waliotumwa Kongo na chuo cha tiba za nchi za joto cha Liverpool, walikuwa wakipapasa shingo za watu kijiji kwa kijiji. Dutton alifia Kasongo Februari 1905 kwa homa ya papasi. Todd akarudi na pendekezo ambalo tawala za kikoloni zilipenda sana, maana lilikuwa rahisi: papasa shingo za watu wote, wenye tezi watenge, wasio nazo wape ruhusa ya kusafiri. Katika Kongo ya Wabelgiji njia yako ya kwenda kuuza samaki ikaja kutegemea karatasi, na karatasi ikategemea vidole vya mtu.

Kama mimi ni mtu wa Kongo wa mwaka 1910, na harage langu juu ya mtulinga, sisafiri.

Kiziba iko kaskazini mwa Bukoba, inapakana na Uganda. Wakati huo ilikuwa ufalme wenye Mukama wake, na ilikuwa imekwisha kukutana na uvimbe wa aina nyingine. Mwaka 1897 tauni ilikuwa ikiua watu huko. Waziba waliujua ugonjwa huo kwa jina lao, rubunga, kabla ya Mjerumani yeyote kuja na hadubini. Tauni huvimbisha tezi pia, kinenani, kwapani na shingoni, hadi zinafikia ukubwa wa yai. Sampuli zilipelekwa Dar es Salaam kwa mtaalamu maarufu aliyekuwa hapo wakati huo, naye mwaka 1898 akathibitisha kwamba ni tauni hasa. Mtaalamu huyo alikuwa Robert Koch.

Ndiyo, Koch yuleyule. Shuleni tulimkariri: aliyegundua bakteria wa kifua kikuu, 1882, tuzo ya Nobel, 1905. Kipimo changu cha kifua kikuu kilikuwa, kwa namna fulani, mjukuu wa kazi yake. Sikumbuki mwalimu hata mmoja aliyetuambia kwamba mtu huyo alitembea Kiziba, kilomita chache kutoka darasa tulimokuwa tukimkariri.

Alirudi baadaye kwa ajili ya malale. Mwaka 1906 na 1907 aliweka makao yake visiwa vya Sese, upande wa Waingereza, akiwachoma wagonjwa sindano za atoksili, dawa yenye aseniki. Mwanzoni ilionekana muujiza. Watu waliobebwa wakiwa hawajitambui waliinuka wakala. Kisha wakaanza kurudia kuugua. Koch akaongeza kipimo, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka, upofu ambao haukurudi nyuma. Akiwa huko akasikia kwamba kuna wagonjwa Kiziba. Akaenda, akakuta kwamba wengi walikuwa wameupatia Uganda, walikokwenda kutafuta kazi na biashara. Mwaka 1907 kambi ya malale ikafunguliwa Kigarama, ndani ya Kiziba, na daktari wake akawa Robert Kudicke.

Habari za Kigarama nimezipata zaidi katika kitabu cha mwanahistoria Mari Webel kuhusu siasa za kudhibiti malale Afrika Mashariki, kilichotoka 2019. Natamani kingetafsiriwa. Kinachonipendeza kwake ni kwamba hawachori watu wa Kiziba kama kondoo. Kambi haikuweza kuendeshwa bila Mukama Mutahangarwa, na Mukama alikuwa na hesabu zake mwenyewe. Wagonjwa nao walikuwa na hesabu zao. Wakati sindano ilipoonekana kusaidia, walikuja wenyewe kwa miguu. Walipoona inaumiza, inapofusha, na ndugu zao wanakufa vilevile, walianza kutoonekana.

Hapo ndipo walipoingia wapapasaji. Kudicke hakuweza kuzunguka migomba yote ya Kiziba akitafuta shingo. Kwa hiyo vijana wa Kiafrika walifundishwa kufanya jambo moja: kupita vijijini, kupapasa shingo, na kuwapeleka kambini wale wenye tezi zilizovimba. Wajerumani waliwaita Drüsenfühler, wapapasa-tezi. Hiyo ilikuwa kazi. Mtu aliamka asubuhi, akaoga, akaenda kugusa shingo za watu.

Nimejaribu mara nyingi kumwona kijana huyo. Anafika kwenye kaya, chini ya migomba. Mwenye kaya ni mzee wa rika la baba yake. Kwa adabu ya kwetu, kijana hanyooshi mkono juu ya kichwa cha mzee hata kuchukua kibuyu ukutani, na mke wa mtu hamgusi shingo kabisa. Sasa huyu ametumwa kufanya hivyo hasa, mbele ya watoto. Anasema nini? Anaanza na salamu ndefu? Na mzee, ambaye kichwa chake kina kidonda cha kawaida, au ana jino bovu, au hana lolote ila tezi za kuzaliwa nazo, anajua kwamba kidole kikisimama tu, basi safari ya Kigarama imeanza, sindano ya tezi, hadubini, na pengine sindano nyingine zile. Kidole ndicho kinachoamua, na mwenye kidole ni mtoto wa jirani.

Wapapasaji wenyewe siwezi kuwahukumu upesi. Malale yalikuwa yanaua kweli. Mtu aliyeachwa bila tiba alikuwa anakufa, karibu bila ubaguzi, na aliyekamatwa mapema alikuwa na nafasi kubwa zaidi kuliko aliyekuja akiwa amebebwa. Mpapasaji stadi aliokoa watu. Mpapasaji huyohuyo alivunja adabu, akaamsha hofu, na bila shaka alikosea mara nyingi, kwa sababu, kama nilivyosema, tezi haitaji jina la mhalifu. Watu wakajifunza kutokuwepo nyumbani siku za mpapasaji. Kazi ya kambi ikaendelea hadi Vita Kuu ya Kwanza ilipokatiza mambo ya Wajerumani huku kwetu, 1914.

Niliposoma hapo nikamkumbuka bibi na vidole vyake. Alizaliwa baada ya Kigarama kufungwa. Mama yake hakuzaliwa baada.

Kwa siku kadhaa niliamini kwamba bega langu halina nafasi katika historia hii, kwamba tezi zina habari zao na neva ina zake. Kisha nikakutana na Jean Kérandel. Alikuwa daktari wa jeshi la Ufaransa aliyefanya kazi Kongo ya Wafaransa miaka hiyohiyo ya mwanzo wa karne, akaambukizwa malale. Mwaka 1910 alichapisha maelezo ya ugonjwa wake mwenyewe. Miongoni mwa mambo aliyoyaona ni maumivu ya ajabu: akijigonga kidogo tu, kwenye mlango au kona ya meza, hakuhisi kitu mara moja. Yalipita muda kidogo. Halafu maumivu yakaja, makali kupita kiasi, hayalingani kabisa na pigo lenyewe. Hadi leo yanaitwa alama ya Kérandel.

Sikuwa na malale. Nilipimwa hilo pia, kwa kuwa nilikuwa nimekwenda mbugani kikazi miezi michache kabla, na hayakuwepo. Lakini nilifurahi kumpata mtu huyu. Watu wote niliokuwa nimewasoma hadi hapo walikuwa wakigusa. Kérandel aliguswa. Alikuwa na tezi zake na mishipa yake ya fahamu, na alijua kuandika, na jarida la Paris lilimchapisha kwa sababu alikuwa daktari. Ni Waziba wangapi waligonga kiwiko kwenye nguzo ya nyumba, wakasubiri, wakalia? Hao hawana alama yenye jina lao.

Jina la bega langu nililipata kwa daktari wa mishipa ya fahamu, ambaye nilimsubiri miezi miwili. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo nalitaja kwa kuwa ni nadra, akaniomba nisukume ukuta, akaona bawa. Akasema inafanana na ugonjwa ambao Parsonage na Turner, madaktari wawili wa Uingereza, waliueleza mwaka 1948 katika jarida la Lancet, wakiwa na wagonjwa 136, wengi wao wanajeshi. Kabla yao, mwaka 1943, mwenzao Spillane alikuwa ameandika kuhusu wanajeshi 46 katika majeshi ya Mashariki ya Kati. Habari ni ileile: mtu mzima anaamka usiku na moto begani, moto unapungua baada ya siku au wiki, halafu misuli inakuwa dhaifu na kuliwa, kisha taratibu, kwa miezi na wakati mwingine miaka, nguvu zinarudi. Mara nyingi kuna kitu kimetangulia, homa ya virusi, upasuaji, chanjo, kazi nzito ya mkono. Mara nyingi pia hakuna. Inadhaniwa kwamba kinga ya mwili inazishambulia neva za mwili wenyewe.

Kwa miaka mingi vitabu vilisema unampata mtu mmoja hadi watatu kati ya 100,000 kwa mwaka. Utafiti uliofanyika Uholanzi na kuchapishwa 2015, ambapo madaktari wa ngazi ya chini walifundishwa kwanza namna ya kuutambua, ulikuta mmoja kati ya 1,000. Yaani wagonjwa walikuwepo siku zote. Walikuwa wanaambiwa ni misuli hiyo, dada.

"Na tezi, daktari?" nilimuuliza.

Akakubali kwamba ugonjwa huu hauelezi tezi. Labda ni virusi fulani vilivyovimbisha tezi na kuichokoza kinga, kinga ikageukia bega. Labda ni mambo mawili yaliyokutana mwezi mmoja. Alisema "labda" mara mbili bila aibu, nami nikampenda kwa hilo.

Majibu ya sindano yalikuwa yamekwisha kutoka. Niliyachukua peke yangu, nikayasomea kwenye ngazi za jengo kwa sababu miguu ilikataa kufika nje. Niliruka mistari yote hadi wa mwisho. Hakuna seli za saratani. Hakuna dalili za kifua kikuu. Tezi imechangamka, sababu haijabainika. Sindano waliyonichoma ilikuwa nyembamba, mtaalamu aliomba ruhusa kabla, akanieleza kila hatua, akanipa pamba niishikilie mwenyewe. Kitendo chenyewe kilikuwa kilekile cha Greig na Gray, kilekile cha Kigarama: sindano, tone, kioo, hadubini. Huko Kongo, timu za malale zinazozunguka vijijini bado zinapapasa shingo baada ya kipimo cha damu, na bado zinachoma tezi. Tofauti ni kwamba tangu 2018 kuna dawa ya kumeza, na tangu mwaka huohuo wagonjwa wapya duniani wamekuwa chini ya 1,000 kwa mwaka.

Mkono umerudi kiasi cha robo tatu. Naanika nguo. Kusuka bado, mdogo wangu ananisuka na kunisimanga. Tezi ya kwapani imepotea. Ya mtulinga ipo, imenywea, kama punje ya choroko. Tabibu mzee ameniagiza niiguse mara moja kwa mwezi, si kila siku, kwani ukiichokoza sana itauma kwa sababu yako wewe.

Mwezi wa kumi na mbili nilikwenda nyumbani. Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi, kisu chini, maganda kwenye beseni. Nilikuwa nimemweleza yote kwa simu, na kwa simu alikuwa amesema "sawa" tu, kama anavyosema akiogopa. Nilipoinama kumwamkia hakuuachia mkono wangu. Akajifuta utomvu wa ndizi kwenye kitenge, akanikalisha chini katikati ya magoti yake, mimi mama wa mtu, akapitisha vidole nyuma ya shingo, pande zote mbili, pole pole, kisha akaja mbele.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hiyo."

Akaizungusha kidogo chini ya kidole.

"Inacheza," akasema, akarudi kwenye ndizi zake.